Mguu wa Bibi Bado

Jumatatu, 11 Machi

Mvua imeanza, na mimi nimeanza daftari. Vyote viwili sikuviomba. Mvua imenyesha tangu alfajiri na kuniloweshea sare niliyoianika jana. Daftari nimepewa kwenye semina. Tumekaa ukumbini, wauguzi wa hospitali nzima, tunafundishwa kumhudumia mgonjwa pamoja na imani yake na mila zake. Mwezeshaji, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, ametuambia kila mmoja aandike msimu huu mzima yale anayoyaona kwa wagonjwa wake. Nikamwuliza, "Na kidonda atakifunga nani wakati naandika?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Haya, naandika. Mimi ni muuguzi. Miaka mingi nilikuwa thieta, kwenye upasuaji, ambako mgonjwa amelala na habishi. Sasa goti langu halitaki tena kusimama saa nyingi, kwa hiyo wamenihamishia wodi ya wanawake, ambako kila mtu yuko macho na kila mtu anabisha. Mbele yangu wenzangu wananiita Sista. Nikiwapa kisogo ni Pilipili. Wanadhani sijui.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Mama mkwe ameamka kusali kabla hata ya jogoo, kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi aliyepotea. Chumba chake na chetu vimegawana ukuta mwembamba. Mume wangu anakoroma tu, kwa kuwa alizaliwa ndani ya sauti hiyo. Mimi nimekwenda kazini macho mekundu.

Alhamisi, 14 Machi

Tumempokea bibi mmoja mwembamba. Ameletwa na mwanawe, fundi seremala, pande la mtu lenye vumbi la mbao hadi kwenye kope. Bibi ana kisukari cha muda mrefu. Mguu wa kulia, kidole gumba na kinachofuata vimekuwa vyeusi kabisa, na kidonda kimeingia hadi unyayoni. Nimekifungua, nimekisafisha, nimekifunga. Hakulia wala hakuguna. Alikuwa anaitazama mikono yangu tu, kama mama mwenye duka anavyomtazama mteja asiyemwamini.

Daktari amepita mchana. Tunamwita Daktari Mrefu kwa sababu akiingia wodini huinamia mlango. Amevuta kiti, akakaa, akamweleza taratibu kwamba dawa zinachelewesha tu, mguu ukatwe chini ya goti, la sivyo sumu itapanda na kumwua. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Bado."

"Bado hujaelewa, Bibi, au bado hujakubali?"

"Nimeelewa. Bado."

Fundi akashika kichwa. Alikuwa tayari kusaini fomu yeye mwenyewe, papo hapo, lakini daktari akamwambia mama yake ana akili timamu na mwenye mguu ndiye mwenye neno.

Jumatatu, 18 Machi

Kuoga, bado. Chai, bado. Kisu, bado. Wodi nzima sasa inamwita Bibi Bado, na yeye mwenyewe anaitikia.

Jumatano, 20 Machi

Mvua imeingia hadi korido ya wodi. Wahudumu wanasukuma maji kwa mafagio, maji yanarudi, wanasukuma tena.

Matroni, mkuu wetu wa wauguzi, ameniita ofisini. Ni mwanamke wa taratibu. Hata kalamu zake zimelala zimeelekea upande mmoja. Akasema, "Wewe si umetoka semina? Bibi yule anakufa huku tunamwangalia. Mfanyie huduma ya kiroho." Alisema hivyo kama mtu anayesema mfanyie eksirei.

Nikafanya. Nimemwona Bibi midomo inachezacheza asubuhi, na ana mtandio hauvui kichwani, nikajumlisha mbili na mbili. Nikamwita yule mzee wa dini mwenye miwani, ambaye hupita wodini kila wiki. Akaja, akamshika Bibi mkono, akamwombea vizuri sana. Bibi akaitikia kila panapostahili. Mzee alipoondoka, nikainama kitandani na kuuliza, "Sasa Bibi, moyo umetulia?"

"Umetulia, mwanangu. Mtu mzuri yule. Ila si wa kwetu."

Nilitamani sakafu inimeze. Nikauliza wa kwenu ni wapi. Akasema, "Umeshajisumbua vya kutosha, kapumzike."

Ijumaa, 22 Machi

Leo nimemleta wa dini ya pili, yule mwenye sauti. Ameomba mpaka mgonjwa wa kitanda cha mwisho, aliyekuja kwa ajili ya nyongo, akaanza kulia. Bibi akamshukuru. Alipotoka, Bibi akaniambia, "Sista, katika wodi hii mimi ndiye niliyeombewa kuliko wote. Sasa waombee na wenzangu." Wagonjwa wakaangua kicheko. Nimecheka na mimi, lakini kwa hasira.

Na mguu je? "Bado."

Jumatatu, 25 Machi

Nimeamua ni mkaidi, basi. Kuna watu hivyo. Nimemleta mama mmoja aliyekatwa mguu zamani, ambaye sasa anauza vitambaa karibu na geti la hospitali. Amempandia Bibi ngazi za wodi na magongo yake kama si kitu, akamwonyesha jinsi anavyoinama na kuinuka. Bibi amemwuliza bei ya vitambaa. Wakazungumza vitambaa hadi muda wa kutazama wagonjwa ukaisha.

Nyumbani dari linavuja juu ya kitanda cha mama mkwe. Tumemhamishia sebuleni. Sasa anasalia sebuleni, na sauti ina nafasi zaidi.

Jumatano, 27 Machi

Bibi ana homa. Haijapanda sana, lakini ipo. Daktari Mrefu ameutazama mguu, akanitazama mimi. Fundi amekuja akiwa amelowa chapachapa, akapiga magoti kando ya kitanda, mwanaume mzima, akasema, "Mama, nakuomba. Nitakubeba mgongoni maisha yako yote." Bibi akampapasa kichwa na kumwambia nywele zimekuwa ndefu, akazinyoe.

Nimeingia stoo ya mashuka, nikafunga mlango na kulia kidogo. Sijui hata nilimlilia yupi kati yao. Halafu nikatoka na mashuka, kwa sababu yalikuwa yanahitajika.

Alhamisi, 28 Machi

Siku hii lazima niiandike yote.

Asubuhi nilikuwa nafungua bandeji. Bibi akaniuliza, "Sista, nimesikia wewe ulikuwa huko ndani wanakokata watu."

"Ndiyo, Bibi. Miaka mingi."

"Basi utajua. Mguu wangu ukikatwa, unakwenda wapi?"

Mimi huyo, mkono mmoja kwenye pamba, mwingine kwenye dawa, akili iko kwenye kidonda. Nikamjibu kama ningemjibu mwanafunzi wa uuguzi. "Unachomwa, Bibi. Kuna tanuri la taka nyuma ya banda la dobi." Nikaendelea kusafisha.

Alivuta mguu. Ndiyo mara ya kwanza kuuvuta tangu aje. Akajifunika shuka hadi kichwani na kugeukia ukutani, na bandeji bado iko nusu. Nilimbembeleza weee, hakujibu. Mchana hakula. Saa ya kutazama wagonjwa fundi alipofika, akamwambia, "Nirudishe nyumbani leo. Nataka kufa nikiwa mzima."

Fundi akanigeukia. "Umemwambia nini mama yangu?"

Nilimwambia neno kwa neno. Akafumba macho. Nilidhani atanipiga, na kwa kweli ningemwelewa. Lakini akasema polepole, "Kumbe ni hilo. Hata mimi sikuwaza."

Tukakaa wote wawili, yeye upande huu wa kitanda, mimi upande ule. Zamu yangu ilikuwa imekwisha, nikaona heri nikae nisikie. Nikamwambia, "Bibi, nimekosea. Sikukusikiliza, nilikujibu tu. Niambie tena unachouliza, na mimi nitanyamaza."

Shuka likashuka kidogo, likaonekana jicho moja.

"Mtu wa kwetu anarudi kwenye udongo na viungo vyake vyote. Mume wangu yuko pale nyuma ya nyumba, na mtoto wangu wa kwanza yuko ubavuni kwake. Mimi pahali pangu nimeshapachagua, katikati yao. Sasa nikifika pungufu, wakaniuliza mguu uko wapi, niseme nini? Niseme ulipanda na moshi wa matambara ya hospitali?"

"Kwa nini hukutuambia, Bibi?"

"Nani aliniuliza? Mmeniuliza naogopa maumivu. Siogopi. Nilizaa watoto wangu nyumbani. Mmeniuliza nampenda Mungu. Nampenda. Mmeniuliza nitatembeaje. Nitatembea kwa gongo kama yule mama wa vitambaa. Mguu wenyewe hakuna aliyeuuliza." Akaniangalia. "Na niliona haya. Daktari mkubwa yule, msomi, nimwambie naomba nyama yangu iliyooza niende nayo nyumbani? Angeniona kichaa."

Nikamwuliza, "Ukipewa mguu wako, nao ukazikwa pale kwako, utakubali kukatwa?"

Bibi Bado akasema, "Hata kesho."

Fundi alicheka na kulia kwa pamoja, kamasi na vumbi la mbao. Mimi nilihisi kama nimetuliwa gunia kichwani, kisha nikakumbuka Matroni, gunia likarudi.

Ijumaa, 29 Machi

Homa imepanda.

Matroni amesema hapana. Hajawahi kusikia. Kiungo kilichokatwa ni taka hatari, kanuni iko ukutani, ina maambukizi, nani atawajibika. Nilijitahidi kushika ulimi, nikashindwa.

"Matroni, maiti nzima tunawapa ndugu kila siku, wanaondoka nayo. Leo mguu mmoja ndio utatushinda?"

Akazigusa kalamu zake. "Maiti ina utaratibu."

"Basi tuupe mguu utaratibu."

Daktari Mrefu alikuwa mlangoni, ameinama kama kawaida yake. Akasema, "Mguu ni wake. Mimi nimeazimwa tu kuukata." Matroni akatutazama kama watoto waliovunja sahani. Lakini akachukua simu akampigia Mganga Mkuu wa hospitali, na kwa haki niseme, alimweleza vizuri kuliko ambavyo ningemweleza mimi. Hata ile ya maiti aliitumia, na hakusema ni yangu. Mganga Mkuu amekubali. Ufungwe vizuri, utiwe dawa, ukabidhiwe kwa ndugu siku hiyohiyo.

Nimemwona Matroni kwa jicho jingine leo. Taratibu zake zile zile, akiamua kuzigeuza zikusaidie, ni kama trekta.

Jumamosi, 30 Machi

Bibi amesaini, kwa dole gumba la mkono, huku akisema, "Msilichukue na hili." Dawa za homa zinafanya kazi. Wanamrekebisha sukari ishuke, wanamkata Jumatano. Fundi ameondoka mbio kwenda kutengeneza sanduku.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua kubwa. Barabara ya kuelekea kwa kina Bibi inapitika kwa shida.

Jumanne, 2 Aprili

Bibi ametoa kwenye mfuko wake kitambaa cha buluu, kipya, kimekunjwa vizuri. Kumbe kile alichokuwa anamwuliza bei yule mama wa vitambaa, alikinunua! Alikuwa anapanga tangu siku ile, na sisi tunadhani anapiga soga. "Uvikwe hiki," akasema.

Kisha akaanza kujikunyata, anaona haya. "Na kucha, mwanangu. Kucha ni ndefu. Mkono haufiki huko siku nyingi. Sitaki uende hivyo."

Nimepeleka beseni la maji ya uvuguvugu. Nimeuosha mguu wa Bibi kuanzia goti, kwa sabuni, taratibu, nikazunguka kidonda. Vile vidole viwili vyeusi nimevipitishia maji tu. Vilivyobaki nimevikata kucha. Kidole chake kidogo kimepinda kuelekea nje, na kucha yake imegawanyika katikati. Akaniambia alikanyagwa na ng'ombe akiwa msichana, alipokuwa anakimbilia ngomani bila ruhusa. "Mguu huu una mambo," akasema. "Huu ndio ulionipeleka kwa mume wangu. Ule wa kushoto ni mpole, ulifuata tu."

Katika kazi yangu yote sijawahi kuuaga mguu wa mtu. Leo nimeuaga, na machozi yalidondoka ndani ya beseni bila ruhusa yangu. Bibi akaniambia nisilie, maji yatapoa.

Jioni, nyumbani, nimemwambia mama mkwe, "Mama, kesho asubuhi ukisali, mtaje bibi mmoja." Akauliza jina. Nikamwambia ni Bibi Bado. Akasema Mungu atamjua.

Jumatano, 3 Aprili

Nimechoka, lakini naandika.

Mama mkwe amesali alfajiri na nimemsikia kutoka sebuleni akimtaja Bibi. Kwa mara ya kwanza sikujifunika mto. Nililala macho wazi na kuisikiliza sauti yote.

Bibi ameingia thieta asubuhi. Niliwakabidhi wenzangu wa zamani kitambaa, nikawaeleza mara mbili kwamba mguu hautoki hapa ila kwa fundi. Msimamizi wa zamu akasema, "Pilipili, tumesikia, nenda." Nikarudi wodini. Upasuaji ulikwenda vizuri. Mchana Daktari Mrefu akanipungia mkono kutoka koridoni, kidole gumba juu. Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliivuta tangu tarehe kumi na nne.

Fundi hakuwa amefika. Mvua ilimwagika kama imetumwa. Alinipigia simu akasema gari limekwama kwenye matope, anakuja kwa miguu, sanduku kichwani.

Nikaona nipande thieta niuangalie mguu. Zamu ilikuwa inabadilika, wa asubuhi wanavua mavazi, wa mchana wanavaa, vile vile kama enzi zangu. Na juu ya kabati, pale pale walipokiweka asubuhi, nikakiona kitambaa cha buluu. Kimekunjwa. Hakijaguswa.

"Mguu uko wapi?"

Yule kijana wa usafi wa thieta akasema, "Si nimeshapeleka? Mfuko mwekundu, kama kawaida."

Kama kawaida. Msimamizi niliyemwambia alikuwa ameitwa kwa mama mjamzito wa dharura, hakumwambia mwenzake. Na wote wale mikono inafanya kazi yenyewe. Mguu ukikatwa, mfuko. Mfuko ukifungwa, tanuri. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha nusu yao.

Nilishika kitambaa, nikakimbia. Goti? Sikuwa na goti. Nimeshuka ngazi, nimepita dobi, nimetoka kwenye mvua na kandambili za thieta, moja ikabaki kwenye matope, sikuirudia. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Bado, bado, bado," kama kichaa, watu wananipisha. Njia nzima nilimwona Bibi akiamka na kuuliza. Nilikuwa nimempa neno langu, na kwa neno hilo amelala chini ya kisu.

Mzee wa tanuri tunamwita Moshi. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya mlango wa tanuri, anapuliza, macho yanamtoka machozi, anatukana kuni.

"Moshi! Umechoma?"

"Nichome nini, Sista? Tangu juzi kuni mbichi tupu. Banda lote linavuja. Angalia!" Akanionyesha mifuko imepangwa chini ya bati, mingi, inangoja moto.

Nilikaa chini. Pale pale, kwenye matope. Msimu mzima nimeitukana mvua hii, kwa sare yangu, kwa dari, kwa korido, na kumbe ilikuwa huku nyuma inanifanyia kazi. Moshi alidhani nimezimia, akaanza kuita watu.

Nikavaa glavu, tukafungua mifuko. Sitaandika yote tuliyoyaona. Wa tatu ulikuwa na mguu. Niliutazama unyayo, nikatazama kidole kidogo. Kimepinda kuelekea nje, kucha imegawanyika katikati, imekatwa vizuri. Nikamwambia Moshi, "Ndiye huyu." Nilisema hivyo, kama mtu.

Nimeuosha tena, nimeutia dawa, nimeuvika kitambaa cha buluu. Fundi amefika jioni, matope hadi kiunoni, na sanduku zuri kuliko kabati langu la nguo, limepigwa randa hadi linateleza, lina hata bawaba. Alipima kwa mguu wake mwenyewe, kwa hiyo wa mama yake umepata nafasi ya kujinyoosha. Barabara imefungwa, hawezi kurudi leo. Matroni amefungua mochwari kwa mkono wake na kuliweka sanduku mahali pakavu, akaandika jina na namba. Mguu umepata utaratibu.

Alhamisi, 4 Aprili

Bibi yuko macho, homa imeshuka. Neno la kwanza alilosema, "Uko wapi?"

Ningeweza kumwambia uko salama na kukomea hapo. Lakini mara ya mwisho nilimjibu nusu, yakanitokea puani. Nikavuta kiti na kumweleza yote, thieta, mfuko mwekundu, kandambili, Moshi na kuni zake. Nilikuwa nangoja ageukie ukutani.

Bibi aliniangalia. Kisha tumbo likaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika mshono, mpaka mgonjwa wa nyongo akakaa kitandani kuuliza kuna nini. "Mguu huo!" akasema. "Nimekwambia una mambo! Tangu usichana hauombi ruhusa!"

Jumamosi, 6 Aprili

Barabara imefunguka. Fundi ameondoka na sanduku.

Jumatatu, 8 Aprili

Fundi amerudi, ameketi kando ya mama yake, na Bibi amemhoji kama polisi. Mlichimba wapi? Katikati, Mama, usawa wa pale utakapolala, upande wa kulia, chini. Udongo ulikuwaje? Mlaini kwa mvua. Mlisema nini? Akamnong'oneza. Bibi akafumba macho, akarudia maneno yale kwa midomo tu, ile midomo niliyoiona inacheza tangu siku za kwanza. Kumbe siku zote hizo alikuwa anauombea mguu wake.

Halafu akafumbua macho akasema, "Njaa." Amekula chakula chote na kuomba kingine.

Jumatano, 17 Aprili

Kidonda kinafunga vizuri. Anasimama na magongo. Ameanguka mara moja, juu ya Matroni.

Jumamosi, 27 Aprili

Bibi amekwenda nyumbani. Mlangoni amegeuka, akaniambia, "Pilipili, kaa salama." Kumbe hata yeye!

Wagonjwa wamempigia makofi. Kitanda chake kilikaa kitupu kama nusu saa, kisha akaja mama mwingine mwenye jipu. Nilikuwa na fomu mkononi. Nikaiweka kando kwanza, nikavuta kiti, nikamwuliza kuna jambo gani angependa tulijue kabla hatujamgusa. Akafikiri sana. Akasema hapendi kulala karibu na mtu anayekoroma. Nimemhamisha kitanda. Ndiyo hayo tu alikuwa nayo, na nimefurahi kuyajua.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua imekatika. Jua kali, sare imekauka kabla ya chai.

Fundi amepita wodini na salamu. Bibi anatembea na magongo hadi nyuma ya nyumba kila jioni, anakaa pale kidogo, anarudi. Amesema majani yameshaota juu ya mguu. Amesema pia nimfikishie Moshi shukrani kwa kuni zake mbichi. Nimemfikishia, na Moshi amevimba kichwa, anataka shukrani hiyo isomwe kwenye mkutano wa wafanyakazi.

Nimefika nyumbani nikamkuta mama mkwe barazani anachambua mboga. Fundi wa dari amemaliza, chumba chake kimekauka, leo anarudi nyuma ya ukuta wetu. Nimeishi na mama huyu tangu nilipoolewa. Nimempimia presha, nimemnunulia dawa, nimemlalamikia sauti. Nikasimama pale na mkoba begani, nikamwambia, "Mama, siku ukilazwa, au ikifika siku yenyewe, ungependa tufanyeje? Kuna jambo nisilolijua?"

Aliacha mboga. Akanitazama, macho yakamlengalenga.

"Miaka yote hii nakuombea kila alfajiri uniulize," akasema. "Weka mkoba, mwanangu. Kaa. Ni marefu."

Nikakaa.